Ziara za siku moja za "vijijini Uingereza" ni wizi wa mchana kweupe

Wakuu, heshima zenu. Leo sipunguzi maneno.

Nazungumzia hizi ziara za basi zinazouzwa London, Stonehenge (yale mawe ya kale yaliyosimamishwa kwa duara) na Cotswolds (eneo la vijiji vya kale na mashamba) kwa mkupuo mmoja, asubuhi mnaondoka, usiku mmerudi. Mama alikuja kututembelea kutoka Tanga, na hamu yake ilikuwa moja tu: aone wakulima wa Kizungu wanaishije. Nikamkatia tiketi, tukaenda naye mimi na mke wangu. Kampuni siitaji, maana kwa ninavyosikia kwa wenzangu hizi ziara zinafanana.

Kwanza barabara. Stonehenge iko kama kilomita 140 kutoka London, na barabara kuu ya kwenda huko, A303, ikikaribia mawe inabaki njia moja kila upande. Foleni ya pale kila mtu anaijua. Kulikuwa na mpango wa kuchimba handaki, serikali ikaufuta mwaka 2024. Kwa hiyo anayeuza ziara anajua kabisa kwamba muda wa wateja utaishia humo, ila kwenye tangazo anaandika kana kwamba mnapaa.

Mnashushwa kituo cha wageni. Mawe huyaoni! Yako mbali, kama kilomita mbili hivi, inabidi mpange foleni ya basi jingine dogo la kuwapeleka. Mkifika mnazungushwa nje ya kamba. Katikati ya duara haiingii mtu ila kwa utaratibu maalumu, kabla au baada ya saa za kawaida. Na kiingilio hakikuwa kwenye bei tuliyolipa. Kilikuwa kimeandikwa chini kabisa kwa herufi za sisimizi, tukatoa tena mfukoni. Wenye eneo siwalaumu, wana haki ya kutoza. Ila kuna njia ya umma inayopita jirani na mawe, mtu anayatazama bila kulipa hata senti, na mwongozaji wetu hakulitaja hilo hata kwa bahati mbaya.

Sasa Bibury, kijiji cha Cotswolds. Hapa ndipo damu ilinichemka.

Tulipewa dakika 25. Mama magoti yanamsumbua, na baada ya kukaa garini muda wote huo cha kwanza alitaka choo. Kulikuwa na foleni ya mabasi matatu. Tulipotoka, mwongozaji alishanyanyua mwavuli wake juu, "Twendeni, twendeni!" Arlington Row, ile safu ya vibanda vya mawe iliyowahi kuchapishwa hadi kwenye pasipoti ya Uingereza, mama aliiona juu ya mabega ya watu wanaojipiga picha. Ndani ya vile vibanda wanaishi watu, na nilimwona mgeni mmoja amebandika uso kwenye dirisha la mtu kabisa, viganja pembeni ya macho, anachungulia. Halafu mnashangaa wenyeji wakilalamikia mabasi.

Na maelezo? Mwongozaji alisema "nyumba za kale, nzuri sana", basi. Hakusema kwamba lile jengo lilikuwa ghala la sufu la watawa katika karne ya 14, likaja kugawanywa kuwa nyumba za wafumaji karne ya 17. Hakusema kwamba kile kijishamba chenye majimaji mbele yake ndiko walikoanika vitambaa. Kondoo ndio waliojenga utajiri wa Cotswolds yote, na sisi kondoo tuliwaona kwa kioo cha basi. Mama akaniuliza, "Baba, sasa hao wakulima tunawakuta saa ngapi?" Nikakosa jibu.

Kijiji kilichofuata, Bourton-on-the-Water, sina la kusema. Vidaraja vizuri, aiskrimu ghali, umati kama Kariakoo siku ya mkesha wa Idi.

Kinachouma ni kwamba kutoka hapo Bourton mpaka kijiji jirani cha Lower Slaughter ni kilomita mbili na ushee kwa mguu, njia ya umma inakatiza mashambani, unafuata vishale vya njano, hakuna wa kukufukuza wala kukutoza. England imejaa njia kama hizo. Vijana walifungwa jela mwaka 1932, kwa mashtaka ya fujo, baada ya kupanda kwa wingi mlima wa Kinder Scout wakidai haki ya kutembea, leo mgeni anauziwa dirisha la basi.

Mtasema niende kwa treni. Sawa, kutoka stesheni ya Paddington, London, hadi mji mdogo wa Moreton-in-Marsh huko Cotswolds treni ipo, halafu basi la kijiji. Jaribu Jumapili uone, mabasi unayatafuta kwa tochi. Bourton ilikuwa na stesheni yake, ikafungwa 1962. Asiye na gari ndiyo anarudishwa mikononi mwa hawa jamaa.

Nimewaandikia kudai sehemu ya pesa. Wamejibu kwamba muda "ni wa makadirio". Tangazo lao liliahidi "muda wa kutosha kukizunguka kijiji", picha ninayo, na sheria ya walaji ya 2015 inasema alichokuambia muuzaji kuhusu huduma, ukakitegemea kununua, kinahesabika ni sehemu ya mkataba. Kwa hiyo siwaachi.

Aliyewahi kurudishiwa na kampuni za namna hii aje hapa aeleze alibanaje: kupitia benki, au alikwenda mpaka mahakama ya madai madogo? Na wa kuja kuniambia "shukuru umefika Ulaya", pita kimya.