Naomba ushauri: moshi wa kiwanda usiku, tuanzie wapi?

Wakuu, habari zenu. Naishi Dar, nyuma ya kiwanda kinachoyeyusha vyuma chakavu. Mchana kimya. Ikifika saa sita usiku tanuru linawashwa, moshi unashukia vyumbani kwetu. Asubuhi mashati meupe ya shule yaliyolala kambani yana masizi. Ukipitisha kidole kwenye mfuniko wa ndoo kinatoka cheusi. Mwanangu wa mwisho ana pumu.

Sipingi viwanda, mume wangu mwenyewe ni fundi kiwandani. Hata mageuzi ya MKUMBI, mpango wa serikali wa kupunguza tozo na utitiri wa ukaguzi kwa wafanyabiashara, niliyafurahia. Ila wakaguzi wakipungua, nani atapima moshi wa saa nane usiku?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inatupa haki ya mazingira safi, na kanuni za ubora wa hewa zipo tangu 2007. Majirani tuko tayari kusaini barua. Tuipeleke NEMC (baraza la taifa la mazingira) moja kwa moja, au tuanzie kwa ofisa mazingira wa manispaa? Na picha za simu zinatosha kuwa ushahidi, au lazima vipimo? Aliyewahi kupitia hili anielekeze, tafadhali.