Nimeomba mapato na matumizi ya boma la zahanati, nimegeuzwa mtuhumiwa mimi

Wakuu, salaam. Leo nina hasira, mnivumilie.

Kijijini kwetu tulichangishwa 20,000 kila kaya tujenge zahanati. Asiye na hela alitoa debe la mahindi, na vijana tukasomba mawe na mchanga. Boma likapanda, likafika kwenye lenta, likagoma hapo. Huu mwaka wa tatu. Ndani imeota mibarika inayomzidi mtu urefu, mbuzi wanajikinga jua. Tuliambiwa halmashauri nayo ilileta saruji na mabati. Hayo mabati hakuna aliyeyaona.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Mara ya mwisho kwetu mtendaji alisoma kama anakimbizana na mvua, "saruji, usafiri, posho, mengineyo", akafunga daftari. Hayo mengineyo ndiyo yalikuwa na hela nyingi kuliko saruji.

Basi nikamwandikia mkurugenzi wa halmashauri barua. Ibara ya 18 ya Katiba ipo, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, ipo: raia anaomba, ofisi inajibu ndani ya siku zisizozidi 30. Niliomba vitu vitatu tu: jumla ya michango yetu, kiasi kilichotoka halmashauri, na nakala za risiti za vifaa.

Pale masjala nikamwomba dada anigongee muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Akanitazama kama nimemwomba figo. "Unazitaka za nini?" Kimya kidogo. "Wewe mwandishi?" Halafu kwa sauti ya chini: "Uko chama gani?" Mwishowe akaugonga kwa hasira hadi wino ukaruka. Namshukuru hivyohivyo, muhuri ule ndio ushahidi pekee nilio nao.

Siku 30 zikaisha. Nikaenda, faili liko kwa bosi. Nikarudi, bosi yuko safari, njoo Jumatatu. Bodaboda kwenda na kurudi ni 6,000, pigeni hesabu wenyewe. Nikaulizia afisa taarifa, maana sheria inataka kila taasisi iwe naye. Wakatazamana. Mmoja akanielekeza kwa kijana anayepiga picha ziara za mkurugenzi, naye maskini akaniambia hiyo sheria anaisikia kwangu.

Siku ya 47 ndipo nikapata "majibu": barua yangu yenyewe imerudishwa, juu pameandikwa kwa kalamu nyekundu, "Ipitie kwa VEO." VEO ndiye huyo mtendaji wa kijiji. Yaani mwenye daftari la mengineyo ndiye anipitishie barua ya kumuulizia mengineyo!

Jioni ileile namkuta mtendaji nyumbani kwa mama, amekalia kigoda, anamweleza kwa upole kabisa kwamba kijana wake anaanza kukichafua kijiji, na watu wa juu wameshaanza kuniulizia. Sikuwa nimemwambia mtu nimepeleka barua. Sasa mama kila nikitoka ananiuliza naenda wapi. Kuomba risiti za saruji nimeomba mimi, anayekosa usingizi ni yeye.

Na msianze na habari za siri za serikali. Sheria imetaja inayoyalinda: usalama wa taifa, faragha za watu, mambo ya namna hiyo. Bei ya mfuko wa saruji inahatarisha mpaka gani wa nchi?

Kinachonichoma zaidi ni njia ya rufaa. Ukinyimwa unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi. Mkuu wa taasisi si ndiye huyohuyo mkurugenzi niliyemwandikia? Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Usiporidhika hapo, ndipo unakwenda kwa Waziri. Mimi wa kukopa nauli ya bodaboda.

Aliyewahi kuandika ombi la mapitio likajibiwa, aniambie alilianzaje, na kama kurudishiwa barua kwa kalamu nyekundu kunahesabika kuwa kunyimwa au watasema hawajanijibu bado. Je, aliambatisha nakala yenye muhuri? Yangu ni moja tu, siiachii mpaka niitoe kopi mjini. Na nyie wa "nenda Takukuru", nimewasikia. Nikienda bila karatasi watanipokea na nini, hadithi za mbuzi?