Ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda bustanini

Swali: Ndugu zangu, kila asubuhi namwona ndege mdogo wa kijivu, mwenye mdomo mwembamba uliopinda, akining'inia kwenye maua ya bustani, nikisogea, anatoweka. Ni ndege gani?

Jibu la 1: Yaelekea ni chozi jike, kwani dume ndiye mwenye manyoya yanayometameta. Usimfuate, keti kimya karibu na maua hayo jua linapochomoza, naye atarudi mwenyewe kufyonza nekta.

Jibu la 2: Nakubaliana na mwenzangu, ila tazama pia matawini, kwa kuwa kiota chake huning'inia kama kifuko kilichofumwa kwa nyasi na utando wa buibui. Ukikiona, kaa mbali.

Muulizaji: Ahsanteni. Kumbe kile nilichodhani ni takataka zilizonaswa kwenye mchongoma ndicho kiota chenyewe!