Nimefunga kamera ya gari mwenyewe, sasa betri inalala. Naomba ushauri (Mbeya)

Wakuu, habari za jioni. Nipo Uyole, naendesha Noah, kila wiki nafuata mzigo Tunduma. Mwezi uliopita pale mteremko wa Iwambi lori lilinikwangua ubavuni, dereva wake akashikilia kwamba mimi ndiye niliyemfuata upande wake. Sikuwa na ushahidi, nikagharamia mlango mwenyewe. Iliniuma sana, ndipo nikanunua kamera ya kioo cha mbele.

Ina nyaya tatu: mwekundu, wa njano na mweusi. Mweusi nimeubana kwenye bolti ya bodi. Hizo mbili sikuelewa tofauti yake, nikaziunga kwenye fyuzi moja. Inarekodi vizuri kabisa. Ila niliegesha Ijumaa jioni, Jumatatu alfajiri nikapiga swichi, ikalia tik-tik tu. Sitaki kuitoa. Nimekosea wapi?

Mzee wa Testa: Pole mkuu. Tatizo ni huo mwekundu. Kwa seti nyingi (hakikisha kwenye karatasi yake) wa njano hupokea umeme wa kudumu, mwekundu huiambia kamera kuwa ufunguo umegeuzwa. Ulivyounga, kamera inaamini unaendesha usiku na mchana, hairudi kwenye hali ya kuegesha (ile ya kula umeme kidogo gari likiwa limesimama). Chomoa ufunguo, gusa fyuzi moja moja kwa testa. Inayowasha testa bila ufunguo ni ya kudumu, weka wa njano. Inayowaka ukigeuza ufunguo tu, kama ya soketi ya kiberiti, weka mwekundu. Fyuzi za eabegi (mfuko wa hewa wa usalama) na za breki za ABS usiziguse kabisa.

Mama Ileje: Peleka kwa fundi tu kaka, umeme hauchezewi.

Mzee wa Testa: Dada, hii anaiweza. Ameshafanya sehemu ngumu.

Kyela Moja: Piga hesabu. Kamera ikila ampea 0.3 kwa saa 60, ni Ah (ampea-saa) 18. Betri ya Ah 40 inabaki na karibu nusu tu, na kwa baridi ya Julai huko kwenu betri iliyochoka haiwezi kuzungusha stata. Pima betri asubuhi kabla hujawasha: betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. Kama kifaa chako kina swichi ya kukata umeme, iweke ikate kwenye volti 12.2, usiiache 11.8. Halafu waya umeshukia wapi? Kwenye nguzo ya kioo kukiwa na maandishi SRS, kuna eabegi ndani. Waya upite nyuma yake. Ukipita mbele, siku eabegi ikifumuka itausukuma waya pamoja na kifuniko.

Mwenye uzi: Nashukuru sana wakuu. Nimefungua nguzo, SRS ipo, na waya ulikuwa umepita mbele kabisa. Nimeupitisha nyuma na kuubana kwa tai za plastiki. Mwekundu nimehamishia fyuzi ya soketi ya kiberiti. Leo nimechomoa ufunguo, taa ndogo ya kamera ikabadilika rangi papo hapo, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Betri imesoma 12.3 baada ya kulala usiku mmoja. Kyela Moja, hiyo ndiyo imechoka, au niichaji kwanza nipime tena?

Kyela Moja: Ichaji ijae, iache usiku mzima ukiwa umechomoa fyuzi za kamera, upime alfajiri. Ikishuka tena hadi hapo, anza kutafuta betri nyingine.