Kwa nini wa ngazi ya chini huelemewa na sonona hata wakiwa na ajira?

Mdadisi: Wakuu, naomba ufafanuzi. Kwamba umaskini huchangia sonona, hilo halina ubishi. Lakini mbona hata kati ya wenye ajira ya kudumu, wa ngazi ya chini ndio huelemewa zaidi? Na mhudumu wa afya awaulize nini?

Kisima: Mkuu, anza na utafiti wa Whitehall wa London, uliowafuatilia watumishi wa serikali kuanzia 1967. Hawakuwa mafukara, ila kila ngazi ilivyoshuka, vifo vya ugonjwa wa moyo viliongezeka. Awamu ya pili ilianza 1985 na watu 10,308, ikaonyesha kwamba kukosa kauli juu ya kazi yako mwenyewe huuumiza moyo na akili pia.

Mwilini inakwenda hivi: ubongo ukihisi tishio, tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, humwaga kotisoli, homoni ya msongo. Hufika kilele baada ya nusu saa hivi, kisha hushuka. Balaa ni tishio lisiloisha. Chukua mtu anayeletewa ratiba ya zamu Jumapili usiku, kazi inaanza Jumatatu alfajiri. Hajui nani atabaki na mtoto, hawezi kuahidi kibarua kingine, na simu ikilia siku ya mapumziko anashtuka. Mwili haupati nafasi ya kutulia, usingizi unakatika, na sonona hupata mlango.

Tulivu: Naongezea. Uchambuzi wa 2004 wa tafiti 208 za maabara ulikuta kotisoli hupanda zaidi pale mtu anapokabili jambo asilolimudu huku wengine wakimpima. Huenda ndiyo maana kufokewa mbele ya wateja kunaumiza kuliko wingi wa kazi.

Mshauri_K: Tusisahau ngao, yaani kinachomkinga mtu. Watafiti Brown na Harris, katika kazi yao ya 1978, waliwachunguza wanawake wa Camberwell, London. Pigo la maisha liliwaangusha kwenye sonona zaidi wasio na mtu wa kumweleza siri zao, na wenye watoto watatu au zaidi wa chini ya miaka 14 nyumbani.

Kwa hiyo uliza: nani hupanga saa zako? Una deni gani linalokukosesha usingizi? Ukizidiwa, unamwambia nani? Kisha tumia PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27. Kuanzia 10, mpeleke kwa tathmini kamili. Swali la tisa, la mawazo ya kujidhuru, likipata zaidi ya 0, zungumza naye siku hiyohiyo hata kama jumla ni ndogo. Na tafadhali, usimwambie "punguza mawazo" mtu ambaye ratiba yake iko mikononi mwa mwingine. Atajiona ameshindwa hata hilo, na hatarudi.