Barazani Mkomani: hukumu ya makaa

[07:12] Bi Zuhura: Asalaam aleikum barazani. Narudia mara ya tatu. Ijumaa baada ya Laasiri twasoma kwa Kiswahili hukumu ya Malindi, ile ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa hapa Lamu. Nataka watu wanne wa kutafsiri. Msinitumie dole gumba, nitumieni majina.

[07:13] Fuad: 👍

[07:13] Bi Zuhura: Fuad!!

[08:40] Abudi: Si kesi iliisha 2019?

[08:44] Bi Zuhura: Tarehe 26 Juni 2019 tribunali ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo iliyotolewa na NEMA, mamlaka ya mazingira. Amu Power, kampuni ya mtambo, wakakata rufaa, ikalala miaka sita. Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapo Malindi ikasema uamuzi usimame. Kilichowaangusha ni mikutano. Waliifanya kabla ya utafiti wa athari kwa mazingira, kujitambulisha tu. Ripoti ilipotoka, na jivu lake na moshi wake, watu hawakurudiwa.

[08:49] Mwl. Athman: Mnaosema "tuliitwa mkutanoni", someni kanuni ya 17, kanuni za 2003 za tathmini ya athari kwa mazingira. Mabango mahali pa wazi. Tangazo gazetini wiki mbili mfululizo. Redio mara moja kwa wiki, wiki mbili, kwa lugha rasmi na ya mahali. Mikutano isiyopungua mitatu, taarifa wiki moja kabla. Tena awepo mtu wa kuandika maoni, ya mdomo na ya karatasi, na tafsiri zake. Hilo la mwisho ndilo husahauliwa. Ukisema na hakuna aliyeandika, hukusema.

[08:51] Fuad: Hukumu yagusa na makaa ya mishkaki ya pale gatini? Moshi wafika Shela 😂

[08:52] Khalti Nuru: 😂😂 yule apewe leseni ya kudumu

[08:53] Fuad: Lile dohani lao la mita 210, mishkaki ingenukia hadi Pate

[08:53] Bi Zuhura: Majina, jamani.

[09:30] Abudi: Mimi nasema wazi. Giza tangu Isha ya jana. Mtambo ungekuwepo Kwasasi mngelala na feni.

[09:41] Mwl. Athman: Wapi! Ule ulikuwa mashine 3 za megawati 350, jumla 1,050, na ulipangiwa laini ya kilovolti 400 hadi Nairobi. Sisi twalishwa na laini ya 220 kutoka Rabai, Malindi, Garsen. Ikikatika njiani, wa mwisho wa waya ndiye akaaye gizani. Transfoma na nguzo za mui huu zingebaki hizi hizi. Halafu 2019 nchi nzima, saa ya matumizi makubwa, haikufika megawati 2,000. Mikataba ya namna ile hulipwa mtambo uwake usiwake. Pesa hizo zingetoka kwenye tokeni yako, Abudi.

[09:44] Abudi: Balozi wa Marekani mwenyewe aliyasifu makaa.

[09:46] Mwl. Athman: McCarter, Twitter, 2019. Benki ya ICBC ya Uchina iliyokuwa itoe mkopo ikajitoa. Mimi namwangalia mwenye mfuko.

[10:15] Bi Zuhura: Nagawa mwenyewe basi. Athman sehemu ya ushirikishwaji wa umma. Imebaki bahari, jivu, na Sheria ya Tabianchi ya 2016.

[11:02] Nahodha: Bahari nipe mimi. Mtambo hufyonza maji ya bahari kupoza mvuke, huyarudisha yana joto. Yakiingia huenda na mayai ya samaki na vitoto vya kamba. Yakitoka, matumbawe huwa meupe, samaki huhama. Lakini kabla sijaandika neno: ile fidia ya shilingi bilioni 1.76 ya wavuvi 4,600, ya bandari ya Lamu, mahakama ilihukumu 2018. Ile twaisoma lini? Na ile orodha ya wavuvi, aliyeiandika yumo humu.

[11:03] ~ Ujumbe huu umefutwa

[11:04] Khalti Nuru: Nimeuwahi.

[11:05] Bi Zuhura: Si yeo, tafadhali.

[11:06] Nahodha: "Si yeo" tangu 2018.

[13:20] Ami Shee: 🎤 0:41

[13:26] Khalti Nuru: Kwa wasio na bando, Ami asema: "Mashamba yaliyopimwa ni ya Kwasasi. Mkomani nani alima? Karatasi mkaisome kwao, si kwenu. Na aliyeandika orodha aende, akae mbele."

[15:52] Bi Zuhura: Tumesikia Ami. Kwasasi. Ijumaa haiwezekani tena, tuseme Jumamosi? Boti hadi Mokowe, kisha gari kupitia mji wa Hindi.

[15:58] Mwl. Athman: Kurasa 6, nakala 30, ni 180. Kwa shilingi kumi kumi, 1,800. Ile elfu mbili ya tenti iko kwa nani?

[16:40] Nahodha: Boti yangu ipo. Petroli lita tano, si yangu. Nakwenda akienda yule.

[16:41] Fuad: Jumamosi si khitma kwa kina Sharifu?

[16:43] Bi Zuhura: Alfajiri twende, adhuhuri turudi. Nani wa jivu? Yaandikwe: lina zebaki, risasi, aseniki, likirundikwa wazi karibu na ufuo, masika hulisomba hadi mikokoni.

[18:10] Bi Zuhura: Nani wa jivu?

[18:11] Bi Zuhura: Na ya tenti?

[22:31] Abudi: Umeme umerudi. Nimepitwa na nini?

[22:32] Bi Zuhura: Jivu ni lako.