MJADALA: Baada ya Lawrence Taylor, nani lainibeka bora wa pembeni NFL? Mimi nasema Derrick Brooks

Wakuu, salaam kwenu wote.

Kila msimu wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, ukikaribia, orodha za lainibeka bora wa pembeni (lainibeka ni mlinzi wa safu ya pili, nyuma ya mstari wa mbele) zinafufuka, na karibu zote zina sura moja. Juu kabisa anakaa Lawrence Taylor, halafu waliobaki wanapangwa kwa idadi ya saki: Kevin Greene 160, Terrell Suggs 139, DeMarcus Ware 138.5, Derrick Thomas 126.5, na siku hizi T.J. Watt anasogezwa juu kila mwaka. Kwa wasioufuatilia sana mchezo huu, saki ni kumwangusha kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo kabla hajaachia pasi. Ni tukio tamu kulitazama na ni rahisi kulihesabu. Ugomvi wangu na orodha hizi unaanzia kwenye huo urahisi.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Namba moja simgusi. Namba mbili ni Derrick Brooks wa Tampa Bay Buccaneers, aliyecheza misimu 14 akastaafu na saki 13.5. Narudia, kumi na tatu na nusu. Najua wengi wataona nimepotoka, ndiyo maana nimeufungua mjadala.

Tuanze na kazi yenyewe. Jina la nafasi ni moja, kazi ni mbili. Kwenye mfumo wa 3-4, wenye watu watatu mbele na lainibeka wanne, yule wa pembeni mara nyingi jukumu lake la kwanza ni kumfuata kwotabeki. Kwenye 4-3, jukumu hilo wanalo watu wanne wa mbele, na lainibeka wa pembeni anabaki na mzigo mwingine: amsome mkimbiaji, afunge upande wake, na pasi ikija arudi nyuma kumkaba taiti endi (mpokeaji anayeanzia mwisho wa mstari wa mbele) au raningibeki, huyo mkimbiaji, aliyechomoka kupokea. Wa kwanza anaonekana kwenye takwimu kila Jumapili. Wa pili akifanya kazi yake sawasawa, kwotabeki anatazama upande ule, haoni mwanya, anautupa mpira kwingine. Karatasi ya takwimu haina mahali pa kuandika hilo.

Hata saki zenyewe ligi ilianza kuziingiza kwenye takwimu rasmi 1982. Taylor alianza 1981 na New York Giants, kwa hiyo saki 9.5 za msimu wake wa kwanza hazimo kwenye 132.5 zake rasmi. Jack Ham wa Pittsburgh Steelers, aliyecheza kuanzia 1971 hadi 1982, karibu maisha yake yote uwanjani yako nje ya hesabu hiyo. Ukipanga kwa saki rasmi, umeshawatupa wazee wengi kabla hujaanza.

Sasa, Taylor anastahili kukaa pale juu kwa lipi? Mwaka 1986 alipata saki 20.5 na akachaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima. Kabla yake mlinzi pekee aliyewahi kupewa tuzo hiyo ya shirika la habari la Associated Press alikuwa Alan Page, 1971. Lakini kwangu ushahidi mzito zaidi uko kwa waliocheza dhidi yake. Kwenye mchujo wa Januari 1982, Bill Walsh wa San Francisco 49ers aliona kwamba kumwachia raningibeki amzuie Taylor ni kumtoa kafara, akampa kazi hiyo John Ayers, gadi wake wa kushoto, mmoja wa wazuiaji wa mstari wa mbele. Kule Washington, Joe Gibbs alijenga mashambulizi yenye taiti endi wawili, na Taylor alikuwa mojawapo ya sababu. Makocha wawili wakubwa walibadilisha namna wanavyocheza kwa ajili ya mtu mmoja. Na mtu huyo alijua kukaba pia: siku ya Shukrani 1982, dhidi ya Detroit Lions, alinasa pasi karibu kabisa na mstari wa goli lake akakimbia nayo yadi 97 hadi tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la goli la wapinzani.

Hicho ndicho kipimo changu: kwa sababu ya mtu huyu, wapinzani walilazimika kuacha kucheza nini?

Chukueni mechi ambayo watetezi wa saki huileta kila mara. Tarehe 11 Novemba 1990, uwanja wa Arrowhead, Kansas City Chiefs na Seattle Seahawks. Derrick Thomas alimwangusha Dave Krieg mara 7, rekodi ya mechi moja. Ilikuwa siku ya kuwaenzi maveterani, na baba yake Thomas alikuwa ofisa wa jeshi la anga aliyekufa Vietnam 1972. Ni moja ya siku kubwa kabisa ambazo mlinzi yeyote amewahi kuwa nazo. Lakini itazameni hatua ya mwisho ya mechi ile. Muda unaisha, Chiefs wanaongoza, Thomas anamfikia Krieg kwa mara nyingine, anamgusa, Krieg anayumba, anajinasua, anarusha. Paul Skansi anaudaka kwenye eneo la goli. Seahawks 17, Chiefs 16. Saki saba, na timu imelala. Simlaumu Thomas hata chembe, bila yeye Chiefs wasingekuwa wanaongoza dakika ile. Ninachosema ni kwamba saki ni tukio la sekunde chache, na katikati ya matukio hayo kuna hatua nyingine nyingi ambazo mlinzi anazifanyia kazi na hakuna anayemwandikia.

Halafu kuna suala la jina la nafasi, na hapa nawaomba tutulie kidogo kwa sababu ndipo orodha zetu zinapoharibika. Ware alicheza misimu minane Dallas Cowboys kama lainibeka wa pembeni wa 3-4. Mwaka 2013 Cowboys wakamleta Monte Kiffin kuongoza ulinzi, Kiffin akaja na 4-3 yake, na Ware akahesabiwa mtu wa mstari wa mbele. Kazi yake ilibaki kumsaka kwotabeki, kilichobadilika ni jina. Khalil Mack mwaka 2015 alichaguliwa All-Pro (timu ya nyota wa msimu) kikosi cha kwanza kwenye nafasi mbili msimu mmoja, mwisho wa mstari wa mbele na lainibeka wa pembeni, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mwaka uliofuata Associated Press ikabadilisha utaratibu wake, ikatenga nafasi ya wavamizi wa ukingoni peke yao. Na Suggs 2008, Baltimore Ravens walipotumia haki ya klabu ya kumbakiza mchezaji kwa mwaka mmoja, alipigania atambuliwe kuwa mtu wa mstari wa mbele kwa sababu malipo ya nafasi ile yalikuwa makubwa zaidi. Pande mbili zikakubaliana kiasi cha katikati. Mchezaji mwenyewe anasema mimi si lainibeka, na sisi bado tunampanga na lainibeka.

Wavamizi hawa wana orodha yao halisi. Waende wakakae na Bruce Smith mwenye saki 200 na Reggie White mwenye 198. Ware huko bado ni mkubwa, yuko Jumba la Umaarufu la Canton na anastahili. Ila huko hawi wa pili.

Sasa nije kwa Brooks. Aliingia ligini 1995 akiwa chaguo la 28 kutoka Florida State, drafti (uteuzi wa wachezaji wapya) ileile iliyomleta Warren Sapp. Mwaka uliofuata akaja Tony Dungy kama kocha mkuu, na Kiffin huyohuyo kuongoza ulinzi. Dungy alikuwa amecheza Steelers 1977 na 1978, timu moja na Jack Ham, na mizizi ya mfumo uliokuja kuitwa Tampa 2 iko kulekule Pittsburgh. Unafanya kazi hivi: walinzi wawili wa mwisho wanagawana kina cha uwanja, lainibeka wa kati anarudi nyuma kuziba katikati yao, na eneo kubwa linalobaki chini wanaachiwa watu wachache. Brooks alikaa upande usio na taiti endi, kule ambako kwotabeki anapenda kutoa pasi fupi kwa raningibeki na kumwacha akimbie. Mfumo ule ulidai watu wanne wa mbele wavamie bila msaada, na lainibeka mmoja mwenye mbio na macho ya kulinda eneo ambalo kwingine lingehitaji wawili. Mpokeaji akiudaka mpira pale, Brooks ameshafika. Pasi imefika, yadi tatu, mtu yuko chini. Rudieni mechi zake mkimtazama yeye tu badala ya mpira, mtaona anaanza kuondoka kabla kwotabeki hajanyoosha mkono.

Msimu wa 2002 alikuwa mlinzi bora wa mwaka. Alinasa pasi 5, na 3 kati ya hizo alizirudisha hadi tachidauni. Januari 2003, Super Bowl XXXVII, fainali ya ligi, kule San Diego, Buccaneers walikutana na Oakland Raiders wa Rich Gannon, mchezaji bora wa ligi msimu ule. Buccaneers walifika 34-3, Raiders wakapanda hadi 34-21 na watu wakaanza kukaa wima kwenye viti. Imebaki dakika moja na ushee, Gannon anatafuta pasi, Brooks amemsoma, anapita mbele ya mpokeaji, ananasa, anakimbia yadi 44. Ikawa 41-21, mwisho 48-21. Na katika miaka yake yote 14 hakukosa mechi ya msimu wa kawaida: 224 mfululizo. Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi, alichaguliwa mara 11. Canton akaingia 2014, mwaka wake wa kwanza kustahiki.

Wa tatu kwangu ni Ham, mwenye pasi 32 alizonasa na Pro Bowl 8 mfululizo. Wa nne Ted Hendricks, jitu la futi 6 na inchi 7, mabingwa mara nne akiwa na Colts na Raiders, mtu aliyezuia mikwaju kwa mikono ile mirefu kuliko lainibeka yeyote ninayemjua. Wa tano Derrick Thomas.

Nimesoma michango ya mwanzo, nijibu michache.

Mkuu mmoja ameleta Von Miller na Super Bowl 50, Februari 2016. Hoja yake ni kwamba Miller alimpokonya Cam Newton mpira mara mbili, na kila mara Denver Broncos wakapata tachidauni, ya kwanza palepale kwenye eneo la goli kupitia Malik Jackson. Mechi iliisha 24-10. Nakubali moja kwa moja, sijaona lainibeka aliyeimiliki fainali namna ile, na tuzo ya mchezaji bora wa mechi ilikuwa halali yake. Tukipanga mechi moja moja, Miller yuko mbele ya Brooks. Hapa tunapanga maisha mazima ya uwanjani.

Ndugu mwingine anasema Brooks alibebwa: Sapp mbele, John Lynch nyuma, Ronde Barber pembeni, wote wako Canton. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote na siwezi kuipuuza. Lakini Sapp na Lynch waliondoka baada ya msimu wa 2003. Msimu wa 2005, bila hao wawili, Buccaneers waliruhusu yadi chache kuliko timu yoyote ya ligi na Brooks akawa All-Pro kikosi cha kwanza tena. Na tukianza kukata pointi kwa sababu ya wenzake wazuri, Taylor naye alikuwa na Harry Carson pembeni yake, Bill Parcells kama kocha mkuu na Bill Belichick akiongoza ulinzi. Hakuna anayempunguzia Taylor kwa hilo, na mimi simpunguzii.

Mdau kutoka Kenya ametukumbusha Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts 2013 na kuandikwa lainibeka wa pembeni. Asante sana kwa hilo. Alipoingia uwanjani ilikuwa zaidi kwenye vikosi vya mikwaju, lakini alifika, na alikuwa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Ningependa watu wa raga watueleze kama waliona kwake kile ninachokisema kuhusu Brooks, ile kusoma mwelekeo wa mpira kabla haujatoka.

Mwingine anadai nafasi yenyewe imekufa, timu siku hizi zinacheza muda mwingi na lainibeka wawili tu. Ni kweli, na hilo linaipa hoja yangu nguvu. Timu zikibakiza lainibeka wawili zinawabakiza wanaoweza kukaba pasi. Wale wawili wa leo ni watoto wa Brooks.

Kundi ninalotaka kubishana nalo zaidi ni la wanaomweka Ham juu ya Brooks, kwa sababu hao tunapima kitu kimoja. Pasi 32 kwa 25, sawa. Lakini Ham alicheza misimu saba kabla ya mabadiliko ya kanuni ya 1978, wakati mlinzi bado aliruhusiwa kumsukuma mpokeaji hata kupita yadi 5 kabla pasi haijarushwa. Brooks maisha yake yote alicheza mwisho wa kugusana ukiwa yadi 5. Anayemtetea Ham aanzie hapo.